Redio ya gari inasahau simu kila asubuhi, na ninaowapigia hawanisikii: nilivyotafuta chanzo mpaka nikakipata

Mwanzisha uzi (Kimara)

Ndugu zangu wenye magari, salaam.

Ninaandika kwa urefu kwa sababu kwa wiki saba nilitafuta maelezo ya tatizo hili kwa Kiswahili nikaambulia vipande vipande, na kila kipande kiliishia kwenye ushauri uleule: futa simu kwenye redio, kisha iunganishe upya. Ushauri huo si mbaya, lakini kwangu uliponya kwa siku moja tu, na kesho yake asubuhi nikawa palepale nilipoanzia.

Kwangu jambo hili halikuwa la starehe. Mama yangu ana kisukari, tunaishi naye, na dada anayekaa naye mchana hunipigia pale sukari inaposhuka au anapokataa kula. Saa hizo mara nyingi niko barabarani kati ya Ubungo na Tazara. Siwezi kuiacha simu hiyo iite mpaka ikatike, na siwezi pia kushika simu kwa mkono mmoja huku nimezungukwa na malori ya makontena ya Barabara ya Mandela. Ndiyo maana niliamua kulipia redio yenye Bluetooth, ili nipokee simu mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani.

Gari ni dogo, liliagizwa Japani likiwa limekwishatumika. Lilikuja na redio yake ya awali yenye maandishi ya Kijapani, ambayo FM yake ilianzia 76 na kuishia 90, wakati hapa kwetu vituo vimejaa kuanzia 87.5 hadi 108. Nilikwenda katika duka moja mjini, nikafungiwa redio ya skrini kubwa. Siku hiyo kila kitu kilifanya kazi, nikaondoka nimeridhika.

Kesho yake asubuhi redio haikuitambua simu yangu. Nikaioanisha upya, yaani nikaitambulisha kwa redio kama simu mpya, ikakubali, na safari hiyo ikaenda vizuri. Keshokutwa ikawa vilevile. Tatizo la pili lilijitokeza katika mazungumzo yenyewe: mimi nilimsikia kila mtu vizuri, lakini wao waliniambia sauti yangu inatoka kama ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya mtungi, na nikiwasha kiyoyozi hawasikii kitu isipokuwa upepo. La tatu lilikuwa dogo: skrini ilionyesha namba tupu badala ya majina, kwa hiyo sikuweza kujua kama anayepiga ni dada wa nyumbani au ni mtu anayetaka kuniuzia kiwanja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuyachukulia mambo haya matatu kuwa ugonjwa mmoja unaoitwa Bluetooth mbovu. Kosa la pili lilikuwa kusema kwamba mradi muziki unapiga safi, basi Bluetooth ni nzima na shida iko kwenye laini ya simu. Nilibadilisha hata kadi ya simu kwa imani hiyo.

Ninaomba tulielewe hili kabla ya mengine, kwa kuwa likieleweka nusu ya kazi imekwisha. Bluetooth haiko kama bomba moja linalopitisha kila kitu. Ndani yake kuna huduma kadhaa zinazojitegemea: ya mazungumzo ya simu, ya muziki, ya vitufe vya kusimamisha na kuruka wimbo, na ya kuhamisha orodha ya majina. Kila moja inaweza kukubaliwa au kukataliwa peke yake, na kila moja inaweza kuharibika peke yake. Muziki hutiririka upande mmoja tu, kutoka kwenye simu kwenda kwenye redio, na maikrofoni haihusiki kabisa. Mazungumzo huenda na kurudi kwa wakati mmoja, na sauti yake huchukuliwa kwa sampuli 8,000 kwa sekunde katika vifaa vya zamani, au 16,000 katika vile vinavyokubali sauti pana, wakati muziki wa CD ni sampuli 44,100. Kwa hiyo sauti ya simu ndani ya gari itakuwa nyembamba kuliko ya muziki hata kama kila kitu ni kizima, na muziki kupiga vizuri hauthibitishi lolote kuhusu simu.

Baada ya kulielewa hilo nikaacha kubahatisha. Nilichukua simu ya mdogo wangu, ya aina tofauti kabisa na yangu, nikaioanisha na redio jioni, asubuhi ikawa imesahaulika kama yangu. Kisha nikaiunganisha simu yangu na gari la jirani kwa siku tatu, kwa ruhusa yake, na kila asubuhi iliungana yenyewe bila kuguswa. Simu yangu ikawa imetoka kwenye lawama. Jaribio hilo halikunigharimu hata shilingi, nami ninasikitika kwamba sikulifanya siku ya kwanza.

Kilichonifumbua macho zaidi ni saa. Asubuhi moja niliingia garini saa kumi na mbili na dakika ishirini, bado giza, nikapindua funguo, na skrini ikaniambia kuwa ni saa sita kamili usiku. Nilikwishaiona saa hiyo mara nyingi bila kuitilia maanani, kwa kuwa huwa naangalia saa ya mkononi. Nikazima, nikasubiri dakika moja, nikawasha tena. Saa sita kamili. Nikatafuta stesheni nilizozihifadhi, hazikuwapo. Hapo nikaelewa kwamba redio haikuwa inasahau simu yangu peke yake, bali kila kitu, kila ninapochomoa funguo.

Redio ya gari hupokea umeme kwa waya mbili. Katika redio nyingi za kununua dukani, waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, unaotoka kwenye betri hata gari likiwa limezimwa, na kazi yake mojawapo ni kulinda kumbukumbu. Waya mwekundu hupata umeme funguo inapogeuzwa tu, na huiambia redio iwake. Mweusi ni wa bodi, yaani wa hasi, unaofungwa kwenye chuma cha gari. Nilikwenda kwa fundi umeme wa magari mwingine, si wa duka lile, akaitoa redio taratibu, akageuza fundo la nyaya lililokuwa nyuma yake. Chini ya tepu nyeusi, iliyokwisha kuanza kulegea na kunata kwa joto, waya wa njano na mwekundu ulikuwa umesokotwa pamoja na kuunganishwa kwenye waya mmoja tu wa gari, ule unaofuata funguo. Waya wa gari wa umeme wa kudumu ulikuwa umekunjwa pembeni, ncha yake imefungwa tepu.

Akashika mita. Funguo ikiwa ndani, waya wa njano ulisoma volti 12.4. Funguo ikachomolewa, ukasoma sifuri. Kwa redio yangu, kuchomoa funguo kulikuwa sawa na kung'oa betri, kila siku.

Alitenganisha nyaya, akaunganisha njano kwenye umeme wa kudumu kupitia fyuzi yake, akalehemu maungio badala ya kuyasokota. Kazi ilichukua kama dakika arobaini. Saa haikurudi tena kwenye sita.

Nyongeza kwa wenye redio isiyowahi kuguswa na fundi lakini inayoonyesha dalili hii: magari mengi ya Toyota yana fyuzi iliyoandikwa DOME, ambayo aghalabu hulisha taa ya ndani pamoja na kumbukumbu ya redio. Saa ikirudi mwanzo na taa ya darini nayo haiwaki ukifungua mlango, anza na fyuzi hiyo kabla hujamlipa mtu.

Kuhusu sauti yangu kutosikika, hilo lilikuwa tatizo lingine kabisa na halikuponywa na waya. Redio yangu ina tundu dogo kama la sindano kwenye fremu ya skrini, na maikrofoni imo ndani yake. Tazameni tundu hilo liko wapi: katikati ya dashibodi, sentimita chache tu kutoka kwenye matundu ya kiyoyozi, na mbali na mdomo wangu karibu mita moja. Fundi aliponiuliza kama nililetewa maikrofoni ya nje, nilisema hapana. Nyumbani nikafungua boksi la redio, nililokuwa nimeliweka juu ya kabati, na chini ya karatasi ya maelekezo nikaikuta: kidude chenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba, waya wa mita kama tatu, na pini iliyo sawa na ya spika za masikioni. Haikuwahi kutolewa kwenye mfuko wake wa nailoni.

Inachomekwa nyuma ya redio. Tuliijaribu kwanza bila kuifunga popote, jambo ninalowasihi mlifanye, kwa kuwa ukishaupitisha waya nyuma ya mapambo ya nguzo hutapenda kuutoa tena. Nilimpigia mdogo wangu, yeye amesimama mbali na gari, nikaishika maikrofoni sehemu nne tofauti huku nikisoma sentensi ileile kwa sauti ileile: juu ya usukani, kwenye nguzo ya kioo cha mbele upande wangu, karibu na kikingajua, na katikati juu karibu na kioo cha kuangalia nyuma. Kwanza injini imezimwa, kisha imewashwa, kisha na kiyoyozi namba tatu. Sehemu iliyoshinda ni kwenye nguzo, juu kidogo ya usawa wa macho, ambako upepo wa kiyoyozi haufiki. Karibu na kikingajua sauti ilikuwa nzuri pia lakini kidirisha kikifunguliwa upepo uliingia. Baada ya kuifunga ilinibidi niingie kwenye mipangilio ya redio na kuchagua maikrofoni ya nje, maana ilikuwa bado inaisikiliza ya ndani.

Majina kwenye skrini yalikuwa rahisi. Simu inapooanishwa kwa mara ya kwanza huuliza kama inaruhusiwa kutoa orodha ya majina na kumbukumbu za simu. Mimi nilibonyeza kataa kwa haraka, nikiwa na foleni nyuma yangu. Nikaingia kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu, nikabonyeza jina la redio, nikawasha ruhusa ya majina, basi.

Nakaribisha maswali na masahihisho.

Mdau wa Tegeta

Ahsante sana dada kwa maelezo yaliyokaa vizuri, na Mungu amjalie mama afya njema. Mimi bado ninatumia redio ya awali iliyokuja na gari kutoka Japani na sitaki kuibadilisha, kwa sababu sauti yake ni nzuri na ninafika Mwenge na kurudi bila shida. Ilikuwa inaipokea simu yangu ya zamani. Nimenunua mpya, redio haiioni kabisa, na kitufe cha kusajili kimefifia na hakibonyezeki. Nifanye nini, na maandishi yote ni Kijapani?

Mwanzisha uzi (Kimara)

Amina, kaka. Kitufe kufifia kwenye redio za awali mara nyingi kuna maana moja: redio inaamini gari linatembea. Nyingi za kutoka Japani hukataa kusajili simu mpaka gari lisimame, gia iwe P na breki ya mkono iwe imevutwa. Wengi wetu tukisimama kwenye foleni tunakanyaga breki ya mguu tu, na redio haihesabu hiyo.

Kitufe kikiwaka na bado ikakataa, fikiria kuwa orodha imejaa. Redio nyingi huhifadhi idadi ndogo ya simu, nyingine tano tu, na inawezekana zimo simu za wenye gari wa awali kule Japani. Utalazimika kufuta moja. Hapa uwe mwangalifu na maandishi. Neno 削除 maana yake ni kufuta, na hilo ndilo unalolitafuta. Neno 初期化, lenye alama tatu, maana yake ni kurudisha redio ilivyotoka kiwandani, usiliguse. Lililoandikwa 登録 ni kusajili. Ukikwama, elekeza kamera ya simu kwenye skrini kwa programu ya kutafsiri, inasoma Kijapani vya kutosha kukuvusha.

Namba ya siri ikiulizwa, jaribu 0000 kisha 1234. Redio za zamani hutumia namba hizo. Zilizofuata huonyesha tarakimu sita pande zote mbili, nawe unathibitisha tu kwamba zinafanana.

Fundi umeme (Ilala)

Nimesoma uzi wote na ninaunga mkono sehemu kubwa. Ninafanya kazi hii kila siku, kwa hiyo naomba niongeze mambo ambayo mwenye gari hawezi kuyaona.

La kwanza, fundi aliyeunganisha njano na nyekundu pamoja huenda hakukosea kwa kutojua. Wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu baadhi ya redio hizi za skrini kubwa hazilali sawasawa. Gari limezimwa, skrini nyeusi, lakini ndani redio iko macho na inaendelea kunyonya betri. Mteja akikaa siku tatu bila kuwasha, gari haliwaki, anarudi dukani na ukali. Fundi akiunganisha waya zote kwenye funguo malalamiko ya betri yanakwisha, na ya kumbukumbu yanaanza. Hiyo si dawa, ni kuhamisha maumivu, na kama amefanya hivyo alipaswa kukwambia. Kwa hiyo dada, gari lako likikaa siku mbili au tatu kabla ya kuwashwa, nataka tujue betri inaendeleaje. Mpe fundi apime umeme unaotoka gari likiwa limelala, mita ikiwekwa mfululizo kwenye waya wa hasi wa betri, milango imefungwa, baada ya kusubiri nusu saa ili vifaa vyote vilale. Gari zima likisoma chini ya miliampia 50, uko salama.

La pili, si kila redio hupoteza orodha ya simu ikikosa umeme wa kudumu. Nyingi huihifadhi mahali pasipohitaji umeme, zinapoteza saa tu. Lakini hata hizo zitakusumbua, kwa kuwa kila ukipindua funguo redio inawaka kutoka mwanzo kabisa kama simu iliyozimwa, inaweza kuchukua nusu dakika au zaidi, na simu yako inakuwa imejaribu kuungana ikakata tamaa. Mtu anasema imesahau simu kumbe imechelewa kuamka. Ukiwasha Bluetooth ya simu upya na ikaungana yenyewe bila kuoanishwa, basi hukusahauliwa.

La tatu ni waya mweusi. Dar es Salaam hewa ina chumvi, hasa kwa ndugu zetu wa Kigamboni, Mbezi Beach na Msasani. Bodi ikishikwa kwenye bolti yenye kutu, redio itawaka na kuimba, lakini gari likipigwa stata umeme unayumba, redio inajizima na kuwaka, na simu inakatika katikati ya mazungumzo. Ninakwangua rangi mpaka chuma king'ae, ndipo ninafunga. Na hizi tepu za kusokota naomba tuziache. Gari lililoanikwa juani mchana kutwa, gundi inayeyuka na waya unabaki wazi.

Mwanzisha uzi (Kimara)

Fundi, nashukuru kwa dhati. Ufafanuzi wa pili umenisahihisha, kwa sababu niliandika kana kwamba redio zote hufanya kama yangu. Yangu ilidai kuoanishwa upya kabisa, tarakimu sita na zote. Suala la betri sikulifikiria. Gari langu linatembea kila siku isipokuwa Jumapili. Nitalipeleka lipimwe nirudishe majibu hapa.

Dereva (Mbagala)

Habari zenu. Mimi ninabeba abiria kwa programu ya simu na nina simu mbili, moja ya kazi na ramani, nyingine ya familia. Redio inashika ile ya kwanza kuiona. Mke wangu akinipigia, simu inaita mfukoni na garini hakuna kitu. Siku nyingine ninapokea kwenye usukani, naona muda wa mazungumzo unahesabu, lakini sauti haitoki kwenye spika za gari wala sikioni.

Mwanzisha uzi (Kimara)

Kaka, hapo yamo mambo mawili.

Simu mbili kushindana ni kawaida, kwa sababu redio nyingi hukubali simu moja tu kwa mazungumzo kwa wakati mmoja. Kumbuka huduma nilizozitaja zinajitegemea. Kwenye simu za Android ingia mipangilio ya Bluetooth, bonyeza alama iliyo pembeni ya jina la redio, utaona swichi ya simu na swichi ya sauti za muziki, kila moja peke yake. Kwenye simu ya familia acha ya simu iwake na zima ya muziki. Kwenye ya kazi fanya kinyume chake, ili ramani ipite kwenye spika. Baadhi ya redio zitazikubali zote mbili kwa mgawanyo huo. Nyingine zitagoma, hapo simu ya familia iwe ndiyo ya garini, na ramani itoe sauti kwa spika yake yenyewe.

Sauti kupotelea hewani, kabla hujalaumu redio, tafuta spika za masikioni zisizo na waya au saa ya mkononi iliyounganishwa na simu hiyo. Spika za masikioni zikiwa kwenye begi na kifuniko kimefunguka kidogo, simu huzipelekea sauti zenyewe, na wewe unasikia kimya. Mazungumzo yakiendelea, bonyeza alama ya sauti kwenye skrini ya simu, itakuonyesha sauti inakwenda wapi na utachagua gari. Kwa iPhone kuna mpangilio wa kudumu wa njia ya sauti ya simu, uko kwenye ufikivu (Accessibility), sehemu ya mguso (Touch). Mpangilio huo ukiwa umewekwa kwenye spika ya simu, gari halitapata kitu hata uoanishe mara kumi.

Mdau wa Kigamboni

Mimi sina redio ya Bluetooth. Nimenunua kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti kinachorusha sauti kwenye FM. Redio yangu ni ya Kijapani, inaishia 90. Nikipiga simu kunakwaruza, na stesheni za watu zinaingilia. Na anayenipigia anasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia.

Fundi umeme (Ilala)

Mkuu, piga hesabu. Kidude kinarusha kuanzia 87.5 hadi 108, redio yako inapokea 76 hadi 90. Mnakutana kuanzia 87.5 hadi 90 tu, nafasi ya 2.5, na ndani ya nafasi hiyo zimo stesheni za Dar zenye mitambo mikubwa. Kidude chako hakiwezi kushindana nazo. Wengine hufungiwa kishusha masafa ili redio ya Kijapani ipate stesheni za juu. Kinasaidia kusikiliza redio, ila kwa simu sikushauri ukitegemee.

Mwanzisha uzi (Kimara)

Kuhusu mwangwi, ukumbuke kanuni hii: anayesikia sauti yake ikimrudia hana kosa, kosa liko upande wa pili. Sauti yake inatoka kwenye spika zako, inaingia kwenye maikrofoni yako, inamrudia. Kidude chako kiko chini karibu na gia, spika za mlango ziko usawa huohuo, na redio umeifungulia sana ili kushinda mikwaruzo. Punguza sauti ya redio yenyewe, si ya simu, mpaka aseme mwangwi umekwisha. Ukikuta huwezi kumsikia tena kwa kiwango hicho, basi kifaa hicho hakitoshi kwa mazungumzo. Kiachie muziki, na ukihitaji kuzungumza uegeshe pembeni.

Mdau wa Tegeta

Nimerudi. Nilivuta breki ya mkono, kitufe kikawaka. Orodha ilikuwa na simu tano, nne zina majina ya Kijapani. Nimefuta moja kwa 削除, simu mpya imeingia kwa 1234. Ila simu za WhatsApp haziitikii kitufe cha usukani, wakati za kawaida zinaitika.

Mwanzisha uzi (Kimara)

Hongera kaka. Redio hiyo ilitengenezwa ikizijua simu za mtandao wa kawaida, na mara nyingi simu za programu zinaifikia kama sauti tu, bila amri ya kupokea. Gari likiwa linatembea usihangaike nayo. Mimi niliwaambia watu wa nyumbani wanipigie simu ya kawaida mchana, hata kama salio linaisha haraka.

Mwanzisha uzi (Kimara)

Ninarudisha majibu kwa fundi wa Ilala. Tumepima leo, baada ya nusu saa ya kusubiri na milango ikiwa imefungwa. Mita ilisoma miliampia 140. Tukachomoa fyuzi ya redio, ikashuka hadi 25. Kwa hiyo ulikuwa sahihi, redio yangu ilikuwa hailali. Fundi aliingia kwenye mipangilio, sehemu ya kulala baada ya kuzima funguo, na ilikuwa imewekwa iwe macho kwa siku kadhaa ili iwake upesi. Tumeiweka ilale baada ya nusu saa. Tulipopima tena ilisoma 38.

Kisha nililiacha gari makusudi tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu, nikapanda mwendokasi kwenda sokoni. Jumatatu asubuhi liliwaka kwa stata ya kwanza, saa ya redio ilikuwa sahihi, na simu iliungana kabla sijafika getini. Nikiwa Ubungo dada alipiga, jina lake likatokea kwenye skrini, nikapokea kwa kitufe cha usukani. Alitaka kujua chai ya mama aweke maziwa au asiweke. Nikamwambia aweke, kidogo, na akasikia mara moja bila kuniuliza tena.